Kuingia Louvre bila kupotea wala kuchoka bure: mwongozo kamili, kuanzia tiketi mpaka unatoka

Watu wengi wakitua Paris wanataka vitu viwili, mnara wa Eiffel na mchoro wa Mona Lisa. Eiffel haina shida, hata ukiwa umekaa kwenye nyasi unaiona. Shughuli iko kwa Mona Lisa, maana yuko ndani ya Louvre, na Louvre lilikuwa kasri la wafalme kabla halijafunguliwa kuwa makumbusho tarehe 10 Agosti 1793, sasa jengo la kifalme unalijua lilivyo, korido juu ya korido, ngazi zinazokupeleka usikokujua. Vitu vilivyowekwa wazi ni kama 35,000. Kutaka kuviona vyote kwa siku moja ni sawa na kutaka kuingia kila duka la Kariakoo kabla ya adhuhuri. Matokeo yake mtu anaingia saa nne, anatoka saa saba miguu imevimba, kwenye simu ana picha ya kisogo cha mtalii mwenzake na nyuma yake kwa mbali kuna kakitu kama Mona Lisa.

Msimamo wangu mimi ni huu: chagua vitu vichache, nane tisa hivi, uvione kweli, vingine pita navyo tu, na Mona Lisa asiwe ndo safari yenyewe.

Hatua ya 1: chagua siku

Jumanne wamefunga. Hili naliweka juu kabisa kwa sababu kuna watu wana siku moja tu Paris na inaangukia Jumanne, basi wanaishia kupiga picha na piramidi nje. Wanafunga pia tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba.

Siku zilizobaki wanafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa wanaenda mpaka saa tatu usiku. Ukiweza chukua hizo jioni za Jumatano au Ijumaa, makundi ya mabasi yameshaondoka kwenda kula, mwanga wa jioni unaingia madirishani, unapumua. Ukishindwa, basi chukua tiketi ya saa ya kwanza kabisa ya asubuhi. Katikati ya mchana hasa Juni mpaka Agosti ni adhabu, kwa sababu wameweka kikomo cha watu 30,000 kwa siku na niamini wanafika.

Kitu kingine, asubuhi ya safari yako ingia kwenye tovuti yao uangalie kama kuna mgomo. Wafanyakazi wa Louvre wanajua kugoma, na wakigoma milango inachelewa au haifunguliwi kabisa. Aprili 2013 waligoma kwa sababu ya vibaka waliokuwa wanachomoa pochi za watu humo ndani, yaani walichoka. Hapo hapo kwenye tovuti kuna ratiba ya vyumba vinavyofungwa siku ipi, iangalie, maana si vyumba vyote viko wazi kila siku na inauma kufunga safari kwa ajili ya mchoro mmoja ukakuta kamba mlangoni.

Hatua ya 2: tiketi

Nunua louvre.fr, basi. Ukigugo utaletewa matangazo ya wauzaji wa kati juu kabisa, wanauza ile ile kwa bei ya kuruka na kuita "bila foleni" wakati foleni ya ukaguzi hakuna anayeiruka. Unalipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni unayotengeneza kwenye M-Pesa inafaa ilimradi ina salio na umeruhusu malipo ya nje.

Bei. Kuanzia Januari 2026 ziko mbili. Anayetoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya analipa euro 32, wa ndani analipa euro 22. Maana yake ukitokea Dar, Nairobi, Bujumbura, Muscat au hata London ni 32, na ndugu yako anayeishi Hamburg au Stockholm ni 22, ila aje na kadi yake ya ukazi. Chini ya miaka 18 ni bure bila kujali katoka wapi. Na hii wanafunzi wetu wengi hawaijui: ukiwa na miaka 18 mpaka 25 na unaishi kihalali kwenye hizo nchi za Ulaya, ni bure pia, hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania au Kongo. Unaonyesha kadi ya ukazi mlangoni. Wenye ulemavu na mmoja anayewasindikiza nao hawalipi, na viti vya magurudumu wanaazimisha bure.

Hata ukiwa wa bure, book muda wako mtandaoni. Hata ukiwa na ile pasi ya makumbusho ya Paris, bado unatakiwa kubook muda. Watu wanalisahau hili kila siku.

Kama visa ya Schengen bado haijatoka, subiri, usinunue tiketi kwanza. Visa yenyewe tu ni euro 90 kwa mtu mzima, usijiongezee hasara, tiketi ya Louvre usitegemee kurudishiwa hela.

Na ukipata tiketi soma saa vizuri, wao wanaandika kwa saa 24. Ikiandikwa 18:00 ni kumi na mbili jioni. Ukiwa umezoea kuhesabu kwetu na usingizi wa ndege juu, ni rahisi sana kuchanganya.

Hatua ya 3: kufika

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle panda treni ya RER B mpaka Châtelet – Les Halles, hapo badilisha uchukue metro laini ya 1 kuelekea La Défense. Sasa sikiliza: kituo cha kwanza kinaitwa Louvre – Rivoli. Usishuke. Jina linadanganya, we shuka kinachofuata, Palais Royal – Musée du Louvre, ndo kilichopo mlangoni. Laini ya 7 nayo inapita hapo. Ila ukiwa na sanduku la safari usilete kabisa, peleka hotelini kwanza, maana begi likizidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliingii hata kwenye makabati yao.

Hatua ya 4: mlango upi

Kila mtu anaenda kwenye piramidi ya vioo, ile aliyoichora I. M. Pei ikafunguliwa 1989, Wafaransa wenyewe waliitukana mwanzoni wakisema imeharibu kasri, leo ndo alama yao. Kuingilia hapo ni sawa, foleni zimegawanywa kwa saa za tiketi, tafuta kibao chenye muda wako. Lakini kukiwa na mvua au jua kali tumia mlango wa chini, Carrousel du Louvre, unaupata kwa kutembea chini kwa chini kutoka metro ile ile ya Palais Royal au kwa ngazi za namba 99 rue de Rivoli. Unatokea kwenye maduka, unaona piramidi imegeuzwa kichwa chini, unakaguliwa begi, umeingia. Fika kama dakika kumi na tano kabla ya muda wako, mapema zaidi ya hapo unasimama tu.

Hapo nje watakuja wadada na vijana wenye karatasi wakikuomba usaini, wanakuuliza kama unaongea Kiingereza. Usisimame, usijibu. Wewe unasaini, mwenzake yuko kwenye mkoba wako.

Hatua ya 5: ukishashuka chini ya piramidi

Usikimbie. Fanya vitatu: nenda choo (ndani vyoo ni vichache na viko mbali), weka koti na begi kwenye makabati, ni bure, na chukua ramani ya karatasi. Simu inachoka chaji na mtandao humo unasuasua. Maelezo kwa Kiswahili usiyategemee, kwahiyo kama Kiingereza au Kifaransa hakipandi vizuri, pakua programu ya kutafsiri kabisa na lugha zake ukiwa hotelini kwenye waifai.

Ramani ina pande tatu tu za kukariri: Denon, Sully, Richelieu. Ulipo wewe ni chini ya ardhi, ghorofa ya -2. Sifuri ndo usawa wa barabara. Kila chumba kina namba ya tarakimu tatu iliyoandikwa juu ya mlango, hizo namba ndo zitakuokoa, majina ya vyumba achana nayo.

Hatua ya 6: njia yenyewe

Ukiingia saa tatu asubuhi, nenda moja kwa moja Denon, chumba 711, mmalize Mona Lisa kabla dunia haijafika, alafu fuata njia yangu kwa kurudi nyuma. Ukiingia mchana au jioni, fanya kinyume na umati, wao wote wanakimbilia Denon, wewe panda Richelieu.

Richelieu, ghorofa ya 0, chumba 229. Hapa kuna mafahali wenye mabawa na vichwa vya watu, walikuwa wanalinda lango la kasri la mfalme Sargon wa Pili wa Ashuru, huko Khorsabad, Iraki ya leo. Zina urefu wa zaidi ya mita 4. Hesabu miguu. Ni mitano. Ukisimama mbele unaona miwili imetulia, ukisimama ubavuni unaona minne inatembea, fundi alitaka kila upande ukamilike. Na chumba mara nyingi hakina watu!

Jirani, chumba 227, kuna jiwe jeusi refu mita 2 na robo, sheria za Hammurabi wa Babeli. Sogea karibu kabisa, maandishi ni madogo madogo kama mikwaruzo yamezunguka jiwe zima. Moja ya sheria hizo inasema mjenzi akijenga nyumba hovyo ikaanguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Sisemi kitu, lakini kila ghorofa likiporomoka huku kwetu nalikumbuka lile jiwe.

Kutoka hapo ingia Sully, fuata Misri. Sphinx mkubwa wa Tanis, simba wa jiwe mwenye kichwa cha mtu, yuko chumba 338 kwenye kijumba cha chini, na Mwandishi aliyekaa, ile sanamu ndogo ya rangi yenye macho yanayong'aa, yuko juu ghorofa ya 1 chumba 635. Huyo mwandishi ana tumbo kidogo na vidole vimeshika kalamu ambayo haipo tena, mtu wa ofisini kabisa, zaidi ya miaka 4,000 na bado anasubiri aambiwe aandike nini. Venus wa Milo, sanamu ya mungu wa kike wa Kigiriki, yuko chumba 345, mzunguke umuone mgongo, wengi wanampiga picha mbele wanaondoka.

Ukiwa bado Sully na miguu inaruhusu, panda ghorofa ya 2 kwenye michoro ya Wafaransa uulizie picha ya Madeleine, ya mchoraji Marie-Guillemine Benoist, mwaka 1800. Ni mwanamke mweusi kutoka Guadeloupe, kitambaa cheupe kichwani, shali ya bluu imetundikwa kwenye kiti, anakutazama wewe. Kwa zaidi ya miaka mia mbili picha ilikuwa inaitwa kwa rangi ya ngozi yake tu, jina lake limekuja kutajwa hadharani 2019 kwenye maonyesho ya makumbusho ya Orsay. Ilichorwa katikati ya Ufaransa kufuta utumwa 1794 na kuurudisha tena 1802. Kwangu mimi hii inamzidi Mona Lisa, na hakuna kamba wala foleni. Ikiwa vyumba hivyo vimefungwa siku hiyo basi, ndo ile ratiba niliyosema uangalie.

Sasa Denon. Kutoka kwa Venus fuata vibao vya Samothrace, utakuta ngazi pana na juu yake yule mwanamke mwenye mabawa asiye na kichwa wala mikono amesimama kwenye omo ya jahazi la mawe. Mtu wa pwani atalielewa hili haraka kuliko wengine, angalia nguo inavyomganda tumboni kwa upepo na maji. Simama chini kwanza umtazame, usipande tu na umati.

Kwenye hizo ngazi ndipo watu wanapinda kulia kwenda kwa Mona Lisa. Njiani kuna korido ndefu sana, Grande Galerie, namba 710, na humo kuna michoro mingine ya Leonardo da Vinci, huyo huyo aliyemchora Mona Lisa, Bikira wa Miamba na Mtakatifu Anna, watu wanaipita kama hawaioni. Unaweza kusimama nusu mita na ukaona alama za brashi, kitu ambacho kwa Mona Lisa hakipo.

Chumba 711. Mona Lisa ni mdogo, sentimita 77 kwa 53, ubao wa mti wa mpopla, nyuma ya kioo kinene, na foleni inazungushwa na kamba. Unapewa muda mfupi mbele, walinzi wanakuharakisha. Ushauri: simu iwe tayari, piga mbili, shusha simu mtazame kwa macho yako, ondoka kwa upande. Umaarufu wake wote huu ulikuzwa sana na wizi wa 1911, fundi wa Kiitaliano Vincenzo Peruggia alimbeba akamficha zaidi ya miaka miwili, watu wakawa wanapanga foleni kuangalia ukuta mtupu. Mwaka 2025 Rais Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba atajengewa chumba chake peke yake, tusubiri.

Alafu geuka. Namaanisha geuka kabisa umpe mgongo Mona Lisa, ukuta mzima wa mbele yako ni Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, 1563, karibu mita 7 kwa 10, mchoro mkubwa kuliko yote humo ndani. Askari wa Napoleon waliuchukua Venice 1797. Mtafute bibi harusi. Humuoni eh? Kasukumwa pembeni kabisa kushoto, yeye na mumewe, katikati kakaa Yesu, mbele yake wanamuziki, juu kuna watu wanakata nyama, kulia jamaa anamimina divai iliyokuwa maji na chini yake paka anachezea mtungi. Kila shughuli ya ukoo wako unaiona hapo, kuna anayekula, kuna anayenong'ona, kuna waliokuja kuonyesha nguo. Kaa nao dakika kumi.

Pita mlango wa nyuma ya Mona Lisa utokee vyumba vyekundu. Chumba 700 kuna Chelezo cha Medusa, mchoro wa Géricault. Kisa ni cha kweli: 1816 meli ya Ufaransa, hiyo Medusa, ilikwama pwani ya Mauritania, nahodha alikuwa amepata cheo kwa kujuana, hajaendesha meli miaka mingi, wakubwa wakapanda mashua na watu kama 147 wakawekwa kwenye mbao zilizofungwa kamba kisha kamba ya kuwavuta ikakatwa. Siku 13 baadaye walipookolewa walikuwa 15. Sasa angalia juu kabisa ya lile rundo la watu, anayepunga kitambaa kuita meli ni mtu mweusi, aliyekaa kuchorwa anaitwa Joseph, mzaliwa wa Haiti. Géricault kamweka juu ya wote, na hiyo ni 1819, biashara ya watumwa bado inaendelea baharini.

Ukiwa bado na nguvu, shuka Denon uende sanaa za Kiislamu, zilifunguliwa 2012 chini ya paa la dhahabu linalopinda. Kuna beseni la shaba la Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri na Shamu, fundi wake Muhammad ibn al-Zayn kalisaini mara sita, alafu wafalme wa Ufaransa wakaja kulitumia kubatizia watoto wao, Louis wa 13 alibatizwa humo. Vito vya kifalme vya chumba cha Apollon usivipangie safari, tarehe 19 Oktoba 2025 wezi walikuja asubuhi na lori lenye ngazi ya kupandishia mizigo, wakapita dirishani na kuondoka na vipande nane kwa dakika chache.

Hatua ya 7: vidogo vidogo ndani

Picha ruksa, flashi hapana, fimbo ya selfi hapana. Pochi weka mbele, hasa 711 ambapo mmebanana. Kula kwenye vyumba hairuhusiwi, chupa ndogo ya maji haina shida, na mikahawa ya ndani ina bei ya kukufanya ukumbuke nyumbani. Vaa raba, viatu vipya usithubutu. Ukiwa na watoto wape kazi ya kuhesabu wanyama kwenye michoro, saa moja na nusu inatosha, usiwalazimishe zaidi. Nusu saa kabla ya kufunga walinzi wanaanza kuwatoa watu vyumbani, kwahiyo kama ni jioni uwe kwa Mona Lisa kabla ya saa mbili usiku, usisubiri mpaka mwisho. Na ukitoka umetoka, tiketi haikurudishi ndani.

Hatua ya 8: ukishatoka

Nje upande wa magharibi kuna bustani ya Tuileries, viti vya chuma ni bure, nyoosha miguu. Waislamu mnaotaka kuswali, pandeni laini ya 7 hapo hapo Palais Royal bila kubadilisha mpaka Place Monge, Msikiti Mkuu wa Paris wa mwaka 1926 uko kwa mguu kutoka kituoni, na chai yao ya nanaa ni nzuri.

Usipange Orsay siku moja na Louvre, iko ng'ambo ya mto tu lakini macho yatakuwa yamejaa. Orsay wanafunga Jumatatu, Louvre Jumanne, kwahiyo mwenye siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne, anaanza na Louvre Jumatatu, Orsay Jumanne. Wengi wanapanga kinyume, wanakosa zote mbili.